TUSIKARIBIE MNO

Somo: Kutoka 3:1-6

 

Leo twapenda kuwapeleka mbali kidogo, hadi pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, mahali ambapo Marekani na Kanada zapakana baharini. Hapo pana visiwa vingi vyenye misitu, na maji yaliyo kati ya visiwa hivyo ni ya kina kirefu na ya baridi. Huitwa Bahari ya Salish, kwa jina la wenyeji wa asili wa pwani ile. Kila mwaka watalii wengi hufika katika miji kama Victoria na Friday Harbor, hulipa nauli, huvaa makoti mazito, na kupanda mashua ya injini ili wakamwone mnyama aitwaye nyangumi muuaji.

Jina lake latisha, lakini kwa kweli mnyama huyu ni wa jamaa ya pomboo, naye ndiye mkubwa kuliko pomboo wote. Dume aliyekomaa aweza kufikia urefu wa meta 8, na pezi lake la mgongoni husimama juu ya maji karibu kimo cha mtu mrefu. Mgongo ni mweusi, tumbo ni jeupe, na nyuma ya jicho ana doa jeupe. Hula samaki, au sili, au wanyama wengine wa bahari kufuatana na ukoo wake. Lakini haijathibitishwa kwamba nyangumi muuaji aliye huru baharini amepata kumwua mwanadamu.

Miongoni mwa wale walao samaki katika bahari hiyo, mtoto hamwachi mama yake. Wa kike na wa kiume hukaa naye maisha yao yote. Nyanya aliyekwisha kukoma kuzaa huishi miaka mingi bado, naye mara nyingi ndiye atanguliaye kundi kwenda palipo na samaki, hasa mwaka wa njaa. Kila ukoo una milio yake, kama vile sisi tulivyo na lugha zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa Kanada, Michael Bigg, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kila mmoja aweza kutambuliwa kwa pezi lake na alama za mgongoni. Tangu hapo wamehesabiwa mmoja mmoja, na mama wa wengi wao ajulikana.

Hatukuwa na taarifa hizo wakati wa mambo ya Penn Cove. Mwezi wa Agosti 1970, karibu na kisiwa cha Whidbey, watu wenye mashua na baruti waliwafukuza nyangumi hawa mpaka ghubani, wakawazungushia nyavu, wakawatenga watoto na mama zao. Wengine walinaswa katika nyavu wakafa maji. Saba waliuzwa wakaonyeshwe katika mabwawa. Mmoja wao, jike mdogo aliyejulikana baadaye kwa jina la Tokitae, aliishi bwawani Florida zaidi ya miaka 50, akafa huko Agosti 2023, asiione tena bahari aliyozaliwa.

Watu walipotambua ubaya wa jambo hilo, ukamataji ulikomeshwa katika maji yale. Wakasema, na tuwatazame huko huko baharini wakiwa huru. Ndipo biashara ya kuwatembeza watalii ikakua. Nalo lilikuwa jambo jema. Mtu aliyemwona mama na mtoto wakipumua pamoja juu ya maji hataki tena kumwona mnyama huyo ndani ya bwawa. Wengi walirudi nyumbani wakiwa watetezi wake.

Lakini sasa, ndugu zangu, sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye fundisho.

Mnyama huyu hutafuta chakula kwa sauti. Hutoa milio mifupi majini, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki. Mashua zinapomzunguka, ngurumo za injini hufunika ule mwangwi. Watafiti waliwabandika nyangumi hawa vyombo vidogo vya kunasa sauti na kupima mwendo, wakaona kwamba mashua zikikaribia, hasa majike huacha kuwinda. Na jike ndiye mwenye mimba, ndiye anyonyeshaye. Tena samaki wapendao kuliko wote, samoni aina ya chinook, wamepungua kwa sababu ya mabwawa yaliyojengwa katika mito, uvuvi, na uharibifu wa mazingira. Basi mwenye njaa azidishiwa njaa, tena na watu wanaompenda! Katika hesabu ya mwaka 2024, nyangumi wa ukoo huo wa kusini walikuwa 73 tu.

Mwezi wa Julai 2018, jike mmoja wa ukoo huo aitwaye Tahlequah alizaa mtoto akaishi kama nusu saa tu. Mama hakumwacha azame. Alimbeba kichwani, akamsukuma juu ya maji kwa siku 17, katika mwendo wa kilometa kama 1,600. Mwishoni mwa mwaka 2024 alizaa tena. Huyo naye akafa, na mama akambeba tena. Hatusemi kwamba twaujua moyo wa mnyama. Lakini ni nani kati yetu angetamani kupeleka mashua yenye kelele karibu na mama huyo, apate tu picha nzuri?

Kwa ajili hiyo sheria ziliongezwa. Mwaka 2011 serikali ya Marekani iliagiza mashua zikae yadi 200 mbali na nyangumi wauaji katika maji hayo ya ndani. Na tangu Januari 2025, jimbo la Washington laagiza kwamba kwa ukoo ule wa kusini umbali uwe yadi 1,000. Hizo ni kama viwanja tisa vya mpira vikipangwa kwa urefu. Watalii wengine sasa huwatazama kutoka nchi kavu. Katika kisiwa cha San Juan, mahali paitwapo Lime Kiln, pana mnara wa taa na miamba. Watu huketi pale na darubini zao, wakangoja. Siku nyingine hawaoni kitu. Siku nyingine ukoo mzima hupita karibu na miamba kwa hiari yake wenyewe, wala hakuna aliyewafukuza.

Wapenzi, mmesoma habari za Musa jangwani. Alikiona kijiti kikiwaka moto wala hakiteketei, akageuka kando ili atazame ajabu ile. Mungu hakumkemea kwa kutaka kuona. Alimwita kwa jina lake. Lakini alimwekea mpaka asiuvuke, akamwamuru avue viatu, kwa kuwa mahali pale palikuwa patakatifu. Kutazama kuliruhusiwa, kukaribia kukawekewa mpaka. Na kutoka umbali ule ule Musa aliisikia sauti ya Bwana.

Sisi twadhani kwamba kupenda ni kukaribia siku zote. Lakini kuna kupenda kunakojua kusimama. Hata Bwana wetu hakuvunja mlango wa mtu ye yote.

Jambo hili latuhusu hapa Kenya. Kila mwaka, kuanzia karibu na mwezi wa Julai, nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu, na mashua hutoka Watamu kwenda kuwatazama. Huko Shimoni mashua huenda Kisite na Mpunguti, penye pomboo. Ukijaliwa kwenda, nenda ukamsifu Muumba. Lakini mwambie nahodha apunguze mwendo, asiwafukuze, asipite kati ya mama na mtoto. Nahodha ana watoto wa kulisha, naye hufukuza kwa sababu abiria wamedai. Abiria wakiridhika kukaa mbali, naye atakaa mbali.

Tena latuhusu nyumbani mwetu. Panapo msiba, twaenda kufariji, nasi twafanya vyema. Lakini wako waendao wapate kuuliza marehemu alikufaje, na wengine hutoa simu wakapiga picha za waliao. Ajali ikitokea barabarani, twasongamana hata majeruhi wakakosa hewa. Mgonjwa apewa habari nyingi na wageni, wala hapewi nafasi ya kulala. Jiulize, ndugu yangu, kabla hujapiga hatua nyingine: Nakaribia kwa faida ya nani? Kama ni kumsaidia, nenda upesi, usichelewe. Kama ni kushibisha macho yako, basi simama hapo ulipo, uvue viatu.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyeumba bahari na vyote viendavyo ndani yake, twakushukuru kwa macho ya kuona kazi zako. Utufundishe kupenda pasipo kunyang'anya. Tupe miguu ya kwenda mbio kwa mwenye haja, na miguu ya kusimama penye mpaka wako. Uwahurumie mama wote waliofiwa na watoto. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.