Imani, Utulivu wa Moyo na Afya ya Mwili

Usiku huu nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo bila shaka mmeliona nyumbani kwenu. Mgonjwa analia kwa maumivu. Anakuja mtu anayemwamini, anamshika mkono, anasema naye kwa upole, na maumivu yanapungua kabla dawa haijashuka tumboni. Je, mgonjwa huyo alikuwa akijisingizia? Hasha! Lakini je, amepona? Hilo ni swali la pili, na watu wengi hulichanganya na lile la kwanza. Wengine wamelipia kosa hilo kwa uhai wao.

Sikilizeni kisa. Katika mwaka 1796 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Elisha Perkins, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, nao ulikuwa vijiti viwili vya madini vyenye ncha, virefu kadiri ya kidole. Alisema ya kwamba ukivipitisha taratibu juu ya ngozi mahali panapouma, maumivu hutolewa mwilini. Mwanawe akavipeleka London, akaviuza kila jozi kwa gini tano, fedha nyingi mno siku zile. Na watu wakavinunua, wakashuhudia kwamba wamepona.

Basi palikuwa na daktari Mwingereza, John Haygarth, ambaye hakuridhika na masimulizi. Mwezi wa Januari 1799, katika mji wa Bath, alitengeneza vijiti vya mti, akavipaka rangi vipate kufanana na vile vya madini, akavitumia kwa wagonjwa watano wenye baridi yabisi ya siku nyingi. Wanne wakasema wamepata nafuu. Mmoja wao akaonyesha kwa furaha jinsi anavyotembea. Kesho yake wakapitishiwa vijiti vya madini, na mambo yakawa yale yale. Haygarth hakuwacheka wagonjwa wake, nami nampenda kwa hilo. Aliandika kwamba mawazo ya mtu yaweza kuleta ugonjwa mwilini, na yaweza pia kuuondoa.

Na Perkins mwenyewe je? Mwaka ule ule wa 1799 homa ya manjano ilizuka New York. Akaenda huko na dawa aliyoitunga mwenyewe, akawauguza wagonjwa majuma machache. Kisha homa ikamshika naye, akafa. Imani yake haikuwa haba. Lakini homa ile huletwa na virusi vinavyobebwa na mbu, na mbu hamwulizi mtu anaamini nini.

Walakini msidhani kwamba nafuu ya wale wanne wa Bath ilikuwa maneno matupu. Mwaka 1978 wataalamu wa California waliwatazama watu waliong'olewa magego. Waliwapa kitu kisicho dawa, na wengine wakapata nafuu. Kisha wakawatia dawa izuiayo nguvu ya afyuni, na maumivu ya wale waliopata nafuu yakazidi. Ndipo wakafahamu kwamba mwili wenyewe una dawa yake ya maumivu, mfano wa afyuni, na kwamba tumaini laweza kuifungulia mlango.

Tena mwaka 2011, huko Boston, wagonjwa wa pumu siku moja walivutishwa dawa ya kweli, na siku nyingine kitu kisicho na dawa ndani yake. Walipoulizwa, walisema wamepata nafuu ya 50 katika 100 kwa dawa, na 45 kwa kile kisicho dawa. Tofauti ndogo sana. Lakini pumzi yao ilipopimwa kwa chombo, dawa ilikuwa imeiongeza kwa 20 katika 100, na kile kingine kwa 7 tu, sawasawa na siku wasipopewa kitu. Moyo ulisema nimepona, na kifua kingali kimebana.

Kutulia nako kuna faida yake. Daktari Herbert Benson wa Marekani alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba mtu akikaa kimya, akikariri neno moja polepole na kuyaacha mawazo yapite, mapigo ya moyo na pumzi hupungua kasi. Wazee wetu wenye tasbihi na rozari hawatashangaa kusikia hayo.

Kwetu Tanzania twakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, wakanywe kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Wengi walirudi wakisema wana nguvu mpya, nami sina sababu ya kuwaita waongo. Lakini wako walioacha dawa zao za virusi vya UKIMWI kwa sababu walijisikia wazima, na virusi havipimwi kwa kujisikia.

Na ninyi walimu wenzangu, mtoto akishikwa na pumu darasani, mkalisheni wima, semeni naye kwa sauti ya chini, mwambieni avute pumzi taratibu. Hayo yatamwondolea hofu. Wakati huo huo dawa yake ya kuvuta iwe imekwisha kuletwa. Naye akisema, "Nimepona, mwalimu," mtazameni kwanza mbavu zake, kama zingali zikiingia ndani kila apumuapo, na kama ndivyo, apelekwe hospitali mara moja.