Kongwa na Karanga Zake

Leo twapenda kuwasimulia habari za Kongwa, mji mdogo wa Ugogo, mashariki ya Dodoma.

Tangu zamani Wagogo wa huko ni wafuga ng'ombe, tena hulima uwele na mtama. Nafaka hizo huvumilia jua, na mvua ya Ugogo ni chache, wala haina ahadi.

Mwaka 1946 Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kupikia kwa sababu ya vita. Wakatumwa watu watatu kuitazama nchi, mara nyingi kwa ndege. Wakashauri zilimwe karanga, ekari zaidi ya milioni 3, katika Tanganyika na nchi jirani. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yakafyeka vichaka na kuangusha mibuyu. Lakini udongo ule ukikauka huwa mgumu kama tofali. Majembe ya mashini yakavunjika, na karanga zikanasa ardhini wakati wa kuvuna. Mvua nazo zikakosekana. Januari 1951 mpango ukaachwa, nazo pauni zipatazo milioni 36 zimekwisha potea.

Baadaye sehemu ya mashamba yale ikawa malisho ya ng'ombe: nchi ikairudia kazi aliyoijua Mgogo tangu awali.

Hatusemi trekta ni baya. Twasema udongo na mvua hupimwa kwanza, na mwenyeji huulizwa. Kuuliza si ujinga. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee habari za mashamba yenu, mziandike.