Mpira Una Marudiano, Kisu Hakina

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, wilayani Tarime)

Leo sikuja na ile chati ya viungo vya uzazi mnayoichekaga. Nimekuja na mpira.

Siyo netiboli, wala mpira wa miguu. Ni hoki, yaani mpira wa magongo. Wangapi mmewahi kuuona? Mikono mitatu tu! Basi niwaeleze. Kila timu ina wachezaji 11. Kila mmoja ana gongo lililopinda kwa chini, na mpira wenyewe ni mdogo, mgumu kama jiwe. Mechi ina robo 4 za dakika 15. Unakimbia umeinama, unageuka ghafla, unakimbia tena. Bila afya humalizi hata robo ya kwanza.

Sasa sikilizeni. Desemba 2022, timu 8 za wanawake zilikutana mjini Valencia, Hispania, kugombea Kombe la Mataifa la Shirikisho la Kimataifa la Hoki. Ilikuwa mara ya kwanza kombe hilo kuchezwa. Afrika tuliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake.

Lakini msidhani hayo yalikuwa mashindano ya vigogo. Vigogo wana ligi yao ya juu. Hili lilikuwa kombe la daraja la pili, na timu moja tu, bingwa, ndiyo ingepanda kwenda kucheza na vigogo. Ninyi mnaofuatilia soka mnajua kupanda daraja kulivyo na presha!

India walishinda mechi zao zote 3 za kundi: Chile 3-1, Japani 2-1, Afrika Kusini 2-0. Nusu fainali walitoka sare ya 1-1 na Ireland, wakashinda kwa mikwaju 2-1. Kwenye hoki mkwaju haupigwi kama penalti ya soka. Mshambuliaji anakuja na mpira, ana sekunde 8 tu, na golikipa anamfuata. Ni wawili tu, ana kwa ana. Fainali, tarehe 17 Desemba, India wakawafunga wenyeji Hispania 1-0. Bao la Gurjit Kaur. India wakapanda.

Golikipa na nahodha wa timu hiyo alikuwa Savita Punia. Alizaliwa kijijini, jimbo la Haryana. Na unajua ni nani aliyemsukuma aingie kwenye hoki? Babu yake. Mzee kabisa wa kijijini! Hakusema, "Huyu ni wa kike, kazi yake ni jikoni." Alisema aende akacheze.

Mbona nawaambia habari za Wahindi na Wahispania? Kwa sababu ya tarehe. Hesabu ya darasa la tatu: 2022 ni namba shufwa au witiri? Shufwa! Na huku kwetu mwaka wa shufwa, shule zikifungwa Desemba, ni mwaka wa nini?

Mmenyamaza. Mnajua ninachosema.

Ni mwaka wa ukeketaji. Desemba ile ile ambayo wasichana wa wenzetu walikuwa wanagombea kupanda daraja, wasichana wa huku, Tarime na Serengeti, walikuwa wanaambiwa eti nao wanapandishwa daraja: leo msichana, kesho mwanamke. Kuna ngoma, kuna nguo mpya, kuna zawadi. Halafu kuna kisu.

Hebu tuulizane kama watu wazima. Hilo daraja linakupeleka wapi? Siku ile ile unaweza kutokwa damu nyingi hata kupoteza maisha. Unaweza kupata pepopunda au kidonda kuoza. Kisu kimoja kikitumika kwa wengi, virusi vya UKIMWI vinaweza kupita. Baadaye linabaki kovu gumu, maumivu, na hatari ya kuchanika na kutoka damu wakati wa kujifungua. Faida kiafya? Hakuna hata moja. Na wengi wenu mmeona mwenzenu aliyekeketwa Desemba, Januari dawati lake likabaki tupu. Ameolewa.

India walipanda, lakini mwaka 2025 walimaliza wa mwisho kwenye ligi ile ya juu, wakashuka tena. Si mwisho wa dunia. Mpira una marudiano, kisu hakina.

Kwenye sanduku letu la maswali, swali linalorudi kila mara ni hili: "Dada, nikibaki msagane nitaolewa na nani?" Mdogo wangu, najua neno hilo linavyouma. Unaitwa hivyo kisimani, unaitwa hivyo hata na shangazi yako. Sitakudanganya kwamba kicheko kitaisha kesho. Ila utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 wamekeketwa. Maana yake 68 hawajakeketwa. Wanaolewa, wanazaa, wanaheshimiwa. Hauko peke yako.

Na wewe uliyekwisha kukeketwa, usiinamishe kichwa. Hukukosa wewe. Shule bado ni yako, na ukiwa na maumivu nenda kituo cha afya, useme bila aibu.

Wavulana, msicheke. Mkisema hamtaoa msagane, mmekishika kisu na ninyi. Dada yako akikimbilia kwako usiku, utakuwa kama babu yake Savita, au utamrudisha?

Kabla shule haijafungwa, fanyeni haya:

1. Mwambie mwalimu unayemwamini, mapema. Usingoje ngoma zianze.
2. Jua pa kukimbilia: dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au nyumba salama. Zipo Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti.
3. Piga simu 116. Ni bure.
4. Jua sheria. Tangu 1998, kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Kifungo ni miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili.

Golikipa kwenye mkwaju yuko peke yake kwa sekunde 8. Wewe usikubali kubaki peke yako hata sekunde moja. Sema.

Haya, maswali! Wa nyuma kule, wewe uliyenyoosha mkono ukaushusha, anza wewe.