Maneno Yaliyoungwa na Maneno Yaliyokatwa



Mtumishi anapostaafu hupewa kiinuamgongo. Hata mkulima ambaye hajapata kupokea mshahara, akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, hukisia maana yake: ni kitu cha kumwinua mgongo mtu aliyeinama kazini miaka mingi. Vipande vyake, inua na mgongo, ni vizima. Hilo ni neno ambatano, na ndugu zake ni wengi: garimoshi, mwanachama, mpigapicha, kifunguakinywa.

Sasa litazamwe neno chajio. Limetokana na chakula cha jioni, lakini chakula kimebakiwa na kichwa tu, nayo jioni imepoteza mkia. Hapa maneno hayakuungwa hivi hivi, bali yalikatwa kwanza. Wataalamu wa lugha huiita kazi hiyo uhulutishaji.

Mfano mkubwa kuliko yote ni jina la nchi. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964, nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mwezi Oktoba mwaka huo huo likachukuliwa jina Tanzania: Tan, kisha Zan, kisha kiishio kama kile cha Zambia na Somalia. Hakuna upande uliobaki mzima, wala uliommeza mwenzake. Kwa hiyo mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba Tanzania ni neno ambatano anawapotosha, kwani Tan na Zan si maneno yanayoweza kusimama peke yake.

Kukata maneno si kosa. Taabu ni kwamba neno lililokatwa huwaficha wazazi wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jina la ugonjwa huo limeundwa kwa silabi za upungufu wa kinga mwilini, na maneno hayo, yakisemwa kwa ukamilifu, ni nusu ya somo la afya. Yakifupishwa, somo hubaki kwa mganga, na mwananchi hubaki na hofu.

Maofisini nako kuna TAMISEMI. Mtumishi hulitamka neno hilo mara kumi kwa siku bila kusita. Lakini je, mzee anayesoma tangazo kwenye ubao wa kijiji atatambuaje kwamba ndani yake zimo Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani serikali iliyo karibu naye kuliko zote? Kiinuamgongo alikielewa bila mkalimani. Hapa hana pa kushika.

Hapana budi, basi, karani aandike kwanza maneno yote kwa ukamilifu, ufupisho ufuate. Tangazo litarefuka kwa mstari mmoja. Aidha, mwalimu akiandika neno jipya ubaoni, awaulize wanafunzi: vipande vyake vinasimama, au vimekatwa? Wakishindwa kujibu, wafungue kamusi kabla ya kengele.