Mama wa nyumbani hatoki mikono mitupu: maneno yetu mbele ya wamama wa kartiye, Butembo



Tunajua wengine mnajiuliza: hawa vijana wa kudai maji na barabara, ndoa za watu zinawahusu nini? Zinatuhusu. Wengi wetu tulimaliza chuo kikuu, kazi hakuna, tungali tunakula kwenye sahani ya mama. Minervali ililipwa na baba, ni kweli. Lakini nani aliamka saa kumi na moja, akachota maji, akapika, akafua, akalala hospitalini na mgonjwa, ili baba afungue duka bila wasiwasi?

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tuseme ya kwao. Mama yake alikaa ndani ya ndoa miaka 22. Walipoanza, baba alikuwa na meza moja ya kuuzisha sabuni. Leo iko na magazini na parseli mbili. Siku mama aliposema amechoka, wakubwa wa familia wakakaa, wakamwambia: «Weye hukuleta kitu, utatoka na nguo zako. Na mbuzi za mahari tutazizungumza.» Akatoka na mfuko mmoja. Aliamini sheria ndivyo inasema.

Sheria haisemi vile.

Kwanza, kikao cha familia hakivunji ndoa, wala bwana kutupa vyombo nje hakuvunji ndoa. Familia inaweza kupatanisha, na ni vizuri. Kuvunja ni kazi ya tribinali ya amani. Basi kama wanakuletea karatasi usaini kwamba huna madai, usisaini.

Pili, mali. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatoa njia tatu: kila mtu na mali yake, au yote kuwa ya wote, au ile ya katikati. Nani hapa aliulizwa siku ya ndoa yake? Mnacheka, sawa. Msipochagua, sheria inawachagulia ya katikati: ulichokuwa nacho mbele ya ndoa, ulichorithi na ulichopewa ni chako, lakini kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wawili. Parseli iliyonunuliwa mkiwa pamoja, hata karatasi iwe na jina la bwana peke yake, inaulizwa: ilipatikana lini? Haiulizwi nani alishika makuta mkononi. Madeni ya nyumba nayo yanahesabiwa, hilo tusiwafiche.

Zamani bibi alihitaji ruhusa ya bwana hata kusaini mkataba. Mwaka 2016 ruhusa hiyo iliondolewa. Sasa wawili wanapaswa kupatana, na wakishindwa wanaenda tribinali. Bwana bado anaitwa mkuu wa nyumba katika kifungu cha 444. Sisi hilo halitufurahishi, lakini mkuu wa nyumba si mwenye nyumba.

Tatu, chakula. Bwana asiyechangia nyumba, unaweza kuomba tribinali ikuruhusu upokee wewe sehemu ya mapato yake. Kesi ya kuachana ikiendelea, muzuzi anaweza kuamuru upewe kitu cha kuishi nacho. Na mwisho wake, yule ambaye kuachana kunamuumiza zaidi anaweza kupewa makuta kwa mara moja, ao kidogo kidogo. Tunasema anaweza, si lazima. Ndiyo maana tafuteni avoka mapema.

Sasa hapa njo tunaumia. Haya yote yanasimama juu ya ndoa inayojulikana na Serikali. Ndoa ya familia inakubaliwa, lakini sheria inataka muende komini kuiandikisha ndani ya mwezi mmoja. Wangapi mmeenda? Mko na picha, mko na baraka za kanisa, mbuzi zilitoka, kitambaa kilivaliwa. Karatasi ya komini hakuna. Mbele ya muzuzi bwana anaweza kusema: «Huyu simjui kama bibi.» Muda umepita? Nendeni hata hivyo. Na dirishani wakiomba makuta bila risiti, mtuite, tutakuja kusimama pale pamoja nanyi.

Mama anayefikiria kuondoka, asiondoke kesho kwa hasira. Apige picha kwa telefone: karatasi ya ndoa, za parseli, za kuzaliwa kwa watoto, risiti za mabati na simiti. Aziweke kwa dada yake. Akumbuke majirani walioona wakijenga. Lakini mwenye kupigwa aende leo, karatasi zitafuatwa nyuma.

Siku ya Jumatatu saa tatu tunaenda komini na wale wanaotaka kuandikisha. Mje wote wawili, na kadi ya uchaguzi, na mashahidi wa pande zote mbili kama bado wako hai.

Sasa maulizo. Mama wa pale nyuma mwenye mtoto mgongoni, tumeona mkono wako, anza wewe.