Zebaki na Maji Yetu



Ndugu waamini, dhahabu ya Lupa imelisha nyumba nyingi za Makongolosi, na wachimbaji wadogo ni ndugu zetu. Hatuwashitaki wao, twasema juu ya zebaki. Ikichanganywa na unga wa mawe hunasa dhahabu. Ikichomwa, mvuke wake huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mtoto aliye jirani. Inayosalia hukaa katika marudio, na mvua huyasomba hadi mto Lupa, uelekeao Ziwa Rukwa wanakovua wenzetu. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uletwao na samaki wenye zebaki ulitambuliwa mwaka 1956. Hata watoto wachanga walizaliwa nao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila akaaye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na kukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Basi kila jumuiya ndogo ndogo izipime mita hizo, iandike iliyoyaona, na kuyafikisha kwa serikali ya mahali. Wachomaji nao wasichome nyumbani.

Amri ya Tano haikatazi panga peke yake.