Anayekataa Chakula Hana Kiburi

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa umma wa kata ya Nyamuswa, wilayani Bunda, mkoani Mara.



Nilipoitaja mada yangu kwa ndugu aliyenialika, alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia kwa upole, "Huku kwetu shida ni kukosa chakula, siyo kukikataa." Maneno hayo yana uzito, nami sikuja kuyapuuza. Mkulima wa vijiji vyetu vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambaye tembo wameingia shambani mwake usiku mmoja wakamaliza mtama wa mwaka mzima, hana nafasi ya kusikiliza habari za mtu aliyewekewa ugali akausukuma kando. Takwimu za Serikali za mwaka 2022 zilionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Wazee waliomo humu wanaikumbuka njaa ya mwaka 1974 na 1975, na ule unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo ambao watu waliupa jina la Yanga. Mtu aliyekulia katika kumbukumbu hiyo akimwona kijana anakataa chakula huona matusi.

Nami niliona hivyo. Ndiyo sababu nimekuja.

Nilisoma sekondari ya bweni ambayo sitaitaja. Tulipokuwa kidato cha tatu, alikuwapo darasani mwetu msichana mwenye mwili mkubwa kidogo kuliko wenzake. Siku moja mwalimu wa michezo alimwita "Gunia" mbele ya mstari, nasi tukacheka. Kesho yake jina hilo lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa chaki. Aliyeliandika ni mimi.

Hakulia wala hakushitaki. Alianza tu kugawa chakula chake. Kwanza alitoa maharage, baadaye nusu ya ugali, hatimaye hata wali wa Jumapili, ambao ninyi mliosoma bweni mnajua thamani yake. Tuligombea kukaa naye meza moja. Wali wake nimeula mimi Jumapili nyingi, na nilimsifu kwa ukarimu.

Mihula miwili haikupita akawa mtu mwingine. Alivaa sweta mchana wa jua kali. Nywele zilimtoka kichwani kila alipochana. Alikimbia kuzunguka uwanja alfajiri kabla ya kengele, peke yake, na walimu wakamtolea mfano wa bidii. Siku alipoanguka mstarini maneno yakaanza. Wengine walisema ana mimba. Wengine walisema ana ngoma, yaani UKIMWI. Mlezi wa bweni alisema ana kiburi, anadharau chakula cha shule. Alichapwa viboko kwa kumwaga uji. Mwishowe alirudishwa nyumbani na barua iliyosema amekosa nidhamu.

Ndugu walimu, sikusimulia habari hii ili tumlaumu mtu. Katika watu wazima wa shule ile hakuwapo hata mmoja aliyekuwa mkatili kwa nia. Hakuwapo pia aliyejua kwamba anachokiona ni ugonjwa.

Ni ugonjwa, na una jina. Daktari William Gull wa London aliueleza na kuupa jina la anoreksia katika mwaka 1873, na mwaka huohuo daktari Lasègue wa Paris aliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Mgonjwa hupunguza chakula mpaka mwili unakwisha, na kadiri anavyokonda ndivyo hofu yake ya kunenepa inavyozidi. Ndugu yake wa karibu ni bulimia, aliyoieleza daktari Gerald Russell, pia wa London, mwaka 1979: mtu hula kwa kasi chakula kingi mno, mara nyingi kwa siri, halafu hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha. Huyu wa pili anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, na mama yake mzazi asijue. Haya si mambo ya deko. Moyo wa mtu aliyejinyima hupiga polepole, damu ya mwezi hukatika, mifupa hudhoofu. Na kwa anayejitapisha, chumvi za mwilini hupungua mpaka moyo unaweza kusimama ghafla. Katika maradhi yote ya akili, anoreksia ni miongoni mwa yale yanayoua kwa wingi zaidi.

Najua swali linalofuata: je, huu si ugonjwa wa Wazungu? Ni swali la haki. Utafiti uliochapishwa Kenya mwaka 2004 ulionyesha kuwa madaktari wa akili wa nchi ile walikuwa wameona wagonjwa wachache tu wa anoreksia. Mwaka 2007 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa hapa Tanzania, kwa wasichana na wanawake 214. Dalili kwa jumla hazikuwa nyingi, lakini zilielekea kuonekana zaidi kwa wale waliozoeana zaidi na vyombo vya habari vya nchi za Magharibi. Na yako ya Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ambako mwili mnene uliheshimiwa kama ulivyoheshimiwa na babu zetu. Televisheni iliingia katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule mwaka ule ule, akawapima tena wengine wa umri huohuo mwaka 1998. Mwanzoni hakuwapo hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Baada ya miaka mitatu walikuwa zaidi ya 11 katika kila 100.

Miaka mitatu, ndugu zangu, na hiyo ilikuwa televisheni inayokaa sebuleni. Simu ya leo inalala na mtoto chini ya mto. Inamwuzia chai ya kupunguza tumbo asubuhi na vidonge vya kuongeza makalio jioni, na vyote viwili vinamwambia neno moja, kwamba mwili aliozaliwa nao ni makosa yanayohitaji kusahihishwa.

Hata hivyo tusiutupie mzigo wote mgeni. Nasi tuna kasumba yetu. Salamu yetu ya kwanza kwa mtu tuliyepoteana naye ni hukumu juu ya mwili wake: "Mbona umekonda?" au "Eh, umenenepa, mambo mazuri!" Salamu hiyo ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wenzetu wa Uganda waliuita ugonjwa ule kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kizazi kizima kilijifunza kusoma kifo katika mashavu ya jirani. Kwa hiyo msichana mmoja anaishi kati ya macho mawili: akinenepa anachekwa na simu, akikonda anasengenywa kisimani. Sijui ni wapi tunataka asimame.

Sasa niseme jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingebadilisha shule zetu kama kila mwalimu angelijua. Kati ya Novemba 1944 na mwishoni mwa mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys alichukua vijana 36 wa kiume, wenye afya njema na akili timamu, waliojitolea wenyewe. Kwa muda wa majuma 24 aliwapa karibu nusu ya chakula walichozoea. Shabaha ilikuwa kujifunza namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Vijana wale hawakuwa na hofu ya kunenepa wala hawakutazama picha za warembo. Hata hivyo walibadilika tabia. Wakawa wakali, wazito, wenye kujitenga. Waliwaza chakula mchana kutwa, wakakiota usiku. Wapo waliosoma vitabu vya mapishi kana kwamba ni riwaya. Walilamba sahani. Na waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula pasipo kushiba, wakaendelea hivyo kwa muda mrefu.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mengi tunayoyaita kiburi, ukaidi na wazimu kwa mgonjwa wa namna hii ni kazi ya njaa yenyewe. Akili iliyonyimwa chakula haiwezi kushawishika kwa hotuba, sembuse kwa kiboko. Na kwa kuwa tunasema juu ya watoto wa Mara, tukumbuke pia kuwa yule mwanafunzi aliyekuja shuleni bila kifungua kinywa kwa sababu nyumbani hakuna kitu, naye ana akili hiyohiyo iliyonyimwa. Hasira yake ya saa tano tunaiita utundu. Hapa mtoto aliyekosa chakula na mtoto aliyekikataa wanakutana, na ndugu aliyenialika ataona kwamba sikuwa mbali sana na shida ya huku.

Lipo na jingine ambalo akina mama wanalijua kuliko mimi, kula udongo. Sokoni unauzwa waziwazi, na wajawazito wengi huutafuna. Mwanazuoni Sera Young aliishi kisiwani Pemba akawasikiliza wanawake wanaoutamani, na mwaka 2011 akatoa kitabu kizima juu ya tamaa hiyo ulimwenguni. Tamaa hii aghalabu hufuatana na upungufu wa damu. Tunachofanya sisi ni kumcheka mwanamke, naye anauficha udongo kwenye pindo la kanga na kumficha mkunga habari ambayo ingemfaa kuliko zote. Akisema bila kuona haya atapimwa damu na minyoo, atapewa vidonge vya madini ya chuma. Akichekwa, hatasema.

Nirudi kwa mwenzetu wa bweni. Nyumbani alipokewa na shangazi yake, mwanamke ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la saba. Shangazi huyo alimpeleka kwanza hospitali, na hapo alifanya vema kuliko alivyojua, kwa sababu mtu aliyejinyima kwa muda mrefu hafai kujazwa chakula kwa mara moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili walionekana watu waliookolewa na njaa wakafa kwa kulishwa haraka. Huanzwa kidogo kidogo, chini ya macho ya mganga. Baada ya hapo shangazi alikaa naye. Kila mlo, asubuhi, mchana na jioni, waliketi mkekani wawili. Alimwekea uji wa ulezi na maziwa, baadaye ugali wa muhogo na mtama kwa dagaa, naye akala chake taratibu bila kuhesabu matonge ya mwenzake. Msichana alipolia, alimwacha alie. Alipokataa, alimwambia, "Haya, tupo, sina haraka," na sahani ikabaki pale. Hakumwambia hata siku moja kwamba amependeza au amerudi mwili. Alizungumza habari za kuku, za mvua, za majirani.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba madaktari wa hospitali ya Maudsley mjini London, tangu miaka ya 1980, walijaribu njia inayofanana sana na hiyo. Waliwarudishia wazazi kazi ya kumlisha mtoto wao, mlo baada ya mlo, pasipo kumlaumu mtoto wala kuwalaumu wazazi. Kwa vijana ambao hawajaugua muda mrefu, imekuwa miongoni mwa njia zenye mafanikio. Kula pamoja sinia moja tulikuwa nako. Laiti tusingekuwa tunakuacha kwa kila mtu kuinamia simu yake na sahani yake!

Kupona kulichukua karibu miaka mitatu, na hakukwenda kwa mstari ulionyooka. Alipofiwa na baba yake alianza tena kujinyima. Leo ni mama wa watoto wawili. Nilimtafuta nikamwomba radhi kwa ile chaki. Alinijibu kuwa chaki hakuikumbuka sana. Alichokumbuka ni wali. "Mlifurahi sana nilipokuwa siwezi kula," alisema. Ameniruhusu nisimulie, bila jina.

Kabla hatujaanza, mwalimu mmoja alinivuta kando akaniuliza juu ya mwanafunzi wake anayetoka kila mara baada ya chakula cha mchana na kurudi macho mekundu. Nitamjibu mbele yenu kwa kuwa naamini hayuko peke yake. Usimtaje darasani. Usimpime uzito mbele ya wenzake, wala usimwahidi siri ambayo hutaweza kuitunza. Mwite mahali pa faragha, ukiwa na mwalimu wa ushauri wa kike, umwambie ulichokiona, siyo unachokidhania: "Nimeona unatoka kila siku baada ya kula, nami nina wasiwasi juu yako." Kisha nyamaza. Huenda akakataa mara ya kwanza na ya pili. Onana na mzazi au mlezi uso kwa uso, bila kumpa mtoto barua ya kupeleka nyumbani. Mpelekeni kituo cha afya apimwe damu na moyo, kwani huenda pia ikawa ni vidonda vya tumbo, au mimba, au mtu anayemwumiza nyumbani, na kila moja lina njia yake. Akizimia, au moyo ukienda mbio na misuli kulegea, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Likizidi uwezo wa kituo, liende hospitali ya wilaya na hata ya rufaa kule Musoma. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mgonjwa wa akili kuwa ni mtu wa kutibiwa.

Na mpaka majibu yapatikane, mwalimu, mchana ule kaa naye meza moja, ule naye.